SAYANSI NYUMBANI: Umeme Hurudi Kutoka Wapi?

Ndugu msomaji, hapana shaka umewahi kuisikia ile sauti ya furaha ivumayo mtaa mzima pindi umeme urudipo baada ya kukatika. Watoto hupiga kelele, redio zilizosahauliwa zikiwa wazi huanza kunguruma, na mzee wa nyumba ya pili huizima koroboi yake kwa pumzi moja. "Umerudi!" Ndivyo tusemavyo sote. Umeme "umekwenda", umeme "umerudi", kana kwamba ni mgeni mwenye miguu aliyetoka matembezini.

Jumapili moja usiku, katikati ya furaha ya namna hiyo, mwanangu aliye darasa la tano aliniuliza: "Mama, umerudi kutoka wapi?" Nilikuwa na haraka, nikamjibu kama ambavyo wazazi wengi tungemjibu: "Umetoka Kidatu, mwanangu." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena: "Mbona umefika upesi hivyo?"

Sikupata nafasi ya kujibu. Harufu ya plastiki inayoungua ilitokea chini ya mkeka, mahali ulipopita waya wa ekstensheni tuliyokuwa tukiitumia kwa pasi na kwa birika la chai. Umeme ulipokatika tulikuwa tunapiga pasi nguo za shule na kuchemsha maji, na hakuna aliyekumbuka kuzima chochote. Niliikimbilia swichi ya ukutani nikaizima. Hasara yetu ilikuwa mkeka uliotoboka na kipande cha waya kilichoyeyuka ganda. Tungekuwa tumelala, hasara ingekuwa nyingine. Tangu usiku ule nimetambua kwamba swali la mtoto na ile harufu vilikuwa na jibu moja, na jibu hilo ndilo ninalotaka tulitazame pamoja leo.

Chukua kipande cha waya wa shaba, ukichune ganda lake. Macho yataona kitu kigumu kisicho na nafasi ndani yake. Walakini shaba, kama vitu vyote, imejengwa kwa atomi, na kila atomi ina kiini chenye chaji chanya, kilichozungukwa na chembe ndogo mno zenye chaji hasi ziitwazo elektroni. Katika mpira, kioo na plastiki, kila elektroni imefungwa kwenye atomi yake kama mbuzi aliyefungwa kamba. Katika shaba mambo ni mengine. Kila atomi huiachia huru takriban elektroni moja, na elektroni hiyo haina tena mwenyewe. Imekuwa mali ya waya mzima.

Kwa hiyo hata ndani ya waya uliolala dukani, ambao haujapata kuunganishwa na umeme wowote, zimo elektroni huru tele. Wala hazikutulia. Hukimbia huku na huku kwa kasi ipitayo kilomita 1,500 kwa sekunde, zikigonga na kugeuzwa njia. Lakini kwa kuwa ziendazo kulia ni sawa kwa idadi na ziendazo kushoto, hakuna kinachosafirishwa. Ni kama soko la Kariakoo saa nne asubuhi: maelfu ya watu wanapishana na kukanyagana, na soko lenyewe haliendi popote.

Mkondo wa umeme huanza pale kundi hilo linaposukumwa upande mmoja. Betri au mtambo wa kuzalisha umeme hutia msukumo, ambao tunaupima kwa volti, na kundi zima, huku likiendelea na fujo zake, huanza kusogea pole pole kuelekea upande mmoja. Kusogea huko ndiko tukuitako mkondo, na kipimo chake ni ampea. Ampea haipimi kasi ya elektroni. Huhesabu chaji ipitayo mahali pamoja kwa sekunde. Mkondo wa ampea moja maana yake ni kwamba, ukiweka mlinzi mahali popote katika waya, kila sekunde atahesabu elektroni 6,240,000,000,000,000,000 zikipita mbele yake. Kama watu wote wa dunia, ambao sasa wamepita bilioni 8, wangegawana kazi ya kuzihesabu, kila mmoja akihesabu moja kwa sekunde, usiku na mchana bila kulala, kazi ya sekunde hiyo moja ingewachukua miaka 24 hivi. Tangu tarehe 20 Mei 2019, mataifa yamekubali kwamba maana ya ampea itokane na hesabu ya namna hiyo, yaani na chaji ya elektroni moja.

Hapa sharti nitoe neno kwa wazazi wenye watoto wa sekondari. Mtoto atarudi nyumbani akilalamika kwamba kitabu chake kina mchoro wa mkondo ukitoka ncha chanya ya betri kwenda ncha hasi, ilhali mwalimu amemwambia kuwa elektroni hutoka hasi kwenda chanya. Mtoto hakukosea, na mwalimu hakukosea. Katika miaka ya 1740 Mmarekani Benjamin Franklin aliamua upande upi wa umeme uitwe chanya na upi hasi, naye hakuwa na njia ya kujua ni kitu gani hasa kinachosogea. Elektroni haikugunduliwa hadi mwaka 1897, alipoitambua J. J. Thomson huko Cambridge, Uingereza. Wakati huo vitabu, mitambo na mafundi walikwisha kuuzoea mshale wa zamani. Hesabu hutoka sawasawa, kwani chaji hasi iendayo kushoto ni sawa na chaji chanya iendayo kulia. Kwa maoni yangu, ingefaa mshale huo ugeuzwe zamani zile, watoto wetu wapumzike. Lakini haukugeuzwa, na mtihani huufuata mshale wa zamani.

Sasa turejee kwenye swali gumu zaidi: mbona umeme hufika upesi? Watu wengi hudhani kwamba elektroni hukimbia ndani ya waya kama risasi, zikitoka kwenye mtambo na kuingia taani. Ukweli ni kinyume kabisa. Tuchukue taa ya mbele ya gari, yenye wati 60, inayolishwa na betri ya volti 12. Mkondo wake ni ampea 5. Waya wake ukiwa na eneo la milimita za mraba 1.5, elektroni husogea, kwa wastani, robo milimita tu kwa sekunde. Konokono angeziacha nyuma. Gari likiondoka Dar es Salaam saa moja jioni na taa zikawashwa, elektroni iliyotoka kwenye taa kuifuata ncha chanya ya betri, kwa waya wa mita 2, itafika baada ya saa mbili na robo. Wakati huo abiria huenda wako Chalinze wanakula mishikaki.

Na hata hivyo taa iliwaka papo hapo. Jawabu limo katika baiskeli. Ukikanyaga pedali, gurudumu la nyuma huanza kuzunguka mara moja. Hungoji pingili ya mnyororo itoke mbele ifike nyuma, kwa sababu mnyororo umejaa tangu mwanzo. Pingili ya nyuma huvutwa saa ile ile pingili ya mbele ivutwapo. Waya nao umejaa elektroni tangu mwisho mmoja hadi mwisho wa pili. Kinachosafiri upesi ni msukumo, nao katika nyaya kubwa za angani husafiri kwa kasi iliyo karibu na kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Njia ya umeme kutoka Kidatu, kwenye Mto Ruaha Mkuu, hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 300. Msukumo hutumia kiasi cha sehemu moja ya elfu ya sekunde kuukamilisha mwendo huo.

Utaona, ndugu msomaji, kwamba jibu langu kwa mtoto lilikuwa limeanza kuvunjika. Tena lina ufa mwingine. Kituo cha Kidatu kilianza kazi mwaka 1975, na tangu mwaka 1980 kina uwezo wa megawati 204; lakini leo kipo pamoja na vituo vingine vingi katika gridi moja ya taifa, likiwamo Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja. Yote husukuma mnyororo mmoja. Kusema kwamba taa yangu inawashwa na Kidatu ni kama watu kumi kusukuma gari lililozimika, kisha mmoja akadai kwamba gurudumu la kushoto ni lake.

Ufa mkubwa kupita yote ni huu ufuatao. Umeme wa majumbani hauendi upande mmoja kama ule wa betri. Msukumo wake hubadilika, mbele na nyuma, mara 50 kamili kila sekunde. Kwa hiyo hata ule mwendo wa konokono haupo: kundi la elektroni husogea kidogo mbele, likarudi nyuma, likasogea tena. Katika waya wa globu ya zamani ya wati 60, umbali wa mwendo huo wa pamoja haufikii hata sehemu moja ya mia ya unene wa unywele.

Je, kitu kinachotikisika mahali pamoja chawezaje kufanya kazi? Waulize wapasua mbao wa Usambara. Gogo huwekwa juu ya shimo, mtu mmoja akasimama juu na mwenzake chini, nao wakauvuta msumeno mmoja baina yao. Meno ya msumeno hayaendi kokote. Jioni yako mikononi mwa watu wale wale. Lakini jasho lao limefika kwenye gogo, na mbao zimelala chini. Elektroni za umeme wa nyumbani ni meno ya msumeno. Kazi hupita ndani yao, wao wakabaki pale walipo.

Isitoshe, msumeno huo si mmoja tangu mtamboni hadi nyumbani. Njiani kuna transfoma, kama ile uionayo juu ya nguzo za mtaani kwako. Ndani yake mna mizunguko miwili ya waya iliyovingirishwa kwenye chuma, nayo haikugusana. Mtikisiko wa elektroni katika mzunguko wa kwanza huamsha nguvu ya sumaku katika chuma, na sumaku hiyo ikazitikisa elektroni za mzunguko wa pili. Kazi huvuka, elektroni hazivuki. Kwa hiyo elektroni zilizomo katika nyaya za nyumba yako hazikutoka Kidatu wala Rufiji. Ulizinunua mwenyewe, dukani, pamoja na waya, siku ulipoijenga nyumba.

Basi ununuapo Luku unanunua nini? Unanunua kutikiswa. Yuniti moja ni kiasi cha kazi ambacho, kama kingetumika chote bila kupotea, kingeliinua gunia la mahindi la kilo 100 hadi kimo cha mita zipatazo 3,600. Mtu anayelalamikia bei ya yuniti, nami ni mmoja wao, na ajaribu kumtafuta mpagazi wa kulipandisha gunia hilo kwa bei hiyo.

Na sasa tufike chini ya mkeka.

Elektroni zinaposukumwa hazipiti bure. Hugongana na atomi za shaba ambazo nazo zinatetemeka, na kila mgongano huiachia atomi sehemu ya nguvu. Atomi zikizidi kutetemeka, waya hupata joto. Joto si kitu kingine ila mtetemeko huo. Katika pasi tunalitaka joto hilo, ndiyo maana ndani yake umewekwa waya wenye ukaidi mkubwa kwa umeme. Katika waya uendao kwenye pasi hatulitaki, ndiyo maana hutengenezwa kwa shaba, nao sharti uwe mnene wa kutosha. Katika waya mwembamba njia ni finyu, na kama idadi ile ile ya elektroni inatakiwa kupita kila sekunde, hapana budi ziende kwa kasi zaidi na kugonga kwa nguvu zaidi. Tena joto haliongezeki sambamba na mkondo. Mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Ukiwa mara tatu, joto huwa mara tisa.

Tupige hesabu ya nyumba yangu. Umeme wetu ni wa volti 230. Pasi ya wati 1,000 huchukua ampea 4 na ushei. Birika la wati 2,000 huchukua karibu ampea 9. Vyote pamoja ni ampea 13. Waya wa ile ekstensheni, nilipousoma ubavuni mchana wa pili yake, ulikuwa umeandikwa 0.75, yaani milimita za mraba, na waya wa unene huo hustahimili ampea 6. Mkondo ulikuwa umepita mara mbili ya haki yake, na joto karibu mara tano. Tena waya ulikuwa umefunikwa kwa mkeka, joto lisipate pa kutokea.

Huenda utauliza, kama nilivyouliza mimi, mbona swichi kubwa ya usalama haikujizima? Haikujizima kwa sababu haikuona kosa. Swichi ile imewekwa kuzilinda nyaya za ukutani, ambazo ni nene. Kwake ampea 13 ni jambo la kawaida. Na fyuzi iliyomo ndani ya plagi ilikuwa ya ampea 13, nayo ikaridhika. Fyuzi ni uzi mwembamba uliowekwa kwa makusudi uwe wa kwanza kuyeyuka, lakini hauwezi kumlinda aliye mwembamba kuliko wenyewe. Kwa waya ule ilistahili fyuzi ndogo zaidi, yaani ya ampea 5. Sembuse wale wanaoondoa fyuzi iliyokatika na mahali pake wakavingirisha karatasi ya pakiti ya sigara au uzi wa shaba! Hao hawakuitengeneza fyuzi. Wameigeuza nyumba nzima kuwa fyuzi.

Mambo mawili ninayaweka mbele ya kila mwenye nyumba. Soma maandishi ya wati kwenye chombo, ugawe kwa 230, upate ampea. Kisha soma unene ulioandikwa kwenye waya. Wa 0.5 hustahimili ampea 3, wa 0.75 ampea 6, wa 1.0 ampea 10, na wa 1.5 ampea 15. Kama hauna maandishi, usiupe birika wala jiko. Utafaa kwa redio. Pili, gusa plagi na viungio baada ya nusu saa ya matumizi. Kikiwa cha moto cha kukufanya uondoe mkono, hapo elektroni zinasongamana.

Nikizungumzia mkono, niongeze la mwili. Mwili wa binadamu umejaa maji ya chumvi, nao hupitisha umeme. Mkondo wa kiasi cha sehemu moja ya mia ya ampea, yaani 0.01, waweza kuukaza mkono usiweze kuachia ulichokishika. Ukifika sehemu tano za mia, yaani 0.05, na ukapita kifuani, waweza kuuvuruga moyo hadi usimame. Globu ya wati 60 huchukua robo ya ampea. Maana yake mkondo uwashao globu moja, tuuonao kuwa si kitu, umepita mara tano ya ule uwezao kumwua mtoto au mtu mzima. Mara nyingi kinachotuokoa ni ngozi kavu na viatu. Ngozi ikilowa, kinga hiyo hupungua sana. Kwa hiyo asiyekauka mikono asiiguse plagi, na aliyenaswa asishikwe kwa mkono: umeme uzimwe kwanza.

Tulilifungua lile fundo chini ya mkeka, mimi na mwanangu, mezani, mbali na soketi. Waya ulikuwa umerefushwa na fundi mmoja miezi kadhaa iliyopita, akaufunga utepe mweusi mzuri, na mimi nikamsifu. Kila upande wa waya ulikuwa na nyuzi 24 za shaba. Mtoto alizihesabu zile zilizokuwa zimeshikana barabara na zile zilizokuwa zimekatika au zimeinama pembeni bila kugusa kitu. Zilizoshikana zilikuwa saba. Elektroni zote za njia 24 zilikuwa zikipitishwa katika njia saba, na joto katika kila uzi lilikuwa limezidi kama mara 12 ya lile la uzi wenziwe uliokuwa mzima.

Hapo ndipo nilipomlipa mtoto deni la jibu lake. Nilimweleza habari ya baiskeli na ya msumeno, nikamwambia kwamba umeme haukurudi kutoka popote. Elektroni zilikuwamo ukutani muda wote, gizani, zikingoja kutikiswa. Alilitafakari jambo hilo huku akikivingirisha kile kipande cha waya kidoleni.

Juma lililofuata umeme ulikatika tena, ukarejea saa mbili usiku. Mtaa mzima ukapiga kelele kama kawaida, "Umerudi!" Dirishani kwetu nikasikia sauti moja iliyopishana na zote: "Zimeanza kutikisika!" Na kabla taa haijamulika vizuri, alikwisha kwenda kutazama kama pasi imezimwa.